Mkanda Uliokuwa Zamu ya Joram

Ukimwambia kijana wa Kondele leo kwamba mieleka ilikuwepo Kisumu kabla ya video, atakucheka mbele ya watu. Yeye anawajua Wazungu wenye nywele ndefu wanaorushana kwenye kioo, na mikanda yao yote anaikariri: upi wa kwanza, upi wa pili, upi wa kubebwa na watu wawili. Ya kwetu haijui hata mmoja. Simlaumu, alikuwa bado ananyonya. Lakini vijana hao wakianza ubishi wao barazani kwangu, mkanda huu ndio mkubwa, ule ni wa watoto, mimi namkumbuka Joram wa Asembo, na moyo huniuma hata nikashindwa kupitisha uzi kwenye sindano.

Mimi ni Salme, fundi cherehani wa Kaloleni. Miaka ya themanini ndiye niliyewashonea wanamieleka wa Walubengo chupi zao za kubana na majoho ya kuingilia ulingoni. Mwanamume ukimpima kiuno hakufichi mengi, hasa akijua huna habari ya kumtaka. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba mshindi hupangwa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Walubengo, promota wao, Mbukusu mnene mwenye sauti ya mnada, aliwakusanya nyuma ya ukumbi adhuhuri akawaambia, "Wewe leo unalala, wewe unasimama." Kulala ndilo lilikuwa neno lao la kushindwa. Usiseme basi ule ulikuwa uongo mtupu. Mbao za ulingo zilikuwa mbao, mgongo ulikuwa mgongo, na damu niliyofua kwenye zile nguo haikuwa rangi ya duka.

Mikanda ilikuwa mitatu. Wa chini ulikuwa Mkanda wa Mji, uliogombewa na wapiganaji wa hapa hapa Kisumu, wapakiaji wa gatini na makuli wa reli. Wa kati ulikuwa Mkanda wa Ziwa, na kwa huo walikuja watu wa Homa Bay, wa Mwanza, hata wa Port Bell, wakijigamba kila mmoja kwa lugha yake. Wa juu ulikuwa Mkanda wa Afrika Mashariki. Ukiutazama hungeutolea senti tano: bamba la shaba lililochakaa, ngozi imepasuka, kifungo nimekitia mimi mwenyewe mara nyingi. Wa Mji ndio uliong'aa. Lakini wa Mji ukiinuliwa watu waliendelea kutafuna njugu, na huo mbovu ukiinuliwa hata wazee walivua kofia.

Nilimuuliza Joram sababu siku moja nikimpunguzia joho. Akacheka. "Salme, mkanda si bati. Uliza tu, nani walilala ndio huyu akauvaa?"

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Waliolala kwa ajili ya ule mkanda walikuwa wanaume wa kweli, na ndiyo sababu ulikuwa mzito.

Joram alikuja mjini kutoka Asembo Bay pamoja na kaka yake Gordon, wakapata kazi ya kubeba magunia gatini kabla Walubengo hajawaona. Gordon alikuwa mkubwa kwa miaka, kwa umbo na kwa ukimya. Mrefu, sura nzuri, mwendo wa polepole. Alimrusha mtu kama anayeshusha gunia la mtama, kwa uangalifu lisipasuke. Joram alikuwa mfupi, shingo nene, miguu myepesi. Akiingia tu ukumbini watu walisimama juu ya viti, na akina mama wa soko la Jubilee waliacha samaki wao Jumapili alasiri wakaja kumpigia vigelegele. Alikuwa na Mkanda wa Ziwa. Gordon alikuwa na wa Mji.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, na mtu asiye wa huku hawezi kuliona. Kwa Wajaluo, mdogo hampiti mkubwa. Mkubwa hujenga kwanza, huoa kwanza, hata mbegu hutia ardhini kwanza. Mdogo akiruka zamu, ameita chira, ile laana ya kumkondesha mtu dawa zikishindwa, na chira haichagui imle nani katika nyumba. Joram alimpenda Lornah tangu siku ya kwanza alipomwona, lakini Lornah alingojeshwa mpaka Gordon, mzito katika mambo yote, akapata mke. Mimi Mwislamu wa mjini nilikuwa nikimtania: "Na Gordon asipopiga chafya, wewe pua utaifanya nini?" Yeye hucheka, lakini zamu haruki.

Sasa nyumba na mke vina daraja inayojulikana. Mikanda je? Baba yao, Mzee Opondo, mvuvi wa Asembo, alikuwa akija mjini na kufikia kwa Joram, kwa sababu Joram ndiye aliyemchekesha. Siku moja nimepeleka joho nikamkuta mezani na kichwa cha samaki mbuta.

"Kwa hivyo wewe uko na ya Ziwa, Gordon ako na ya Mji," mzee akasema. "Kubwa ni gani?"

"Ya Mji, Baba," Joram akajibu haraka. "Mji iko na lami, iko na stima, iko na DC. Ziwa ni maji tu."

Mzee akautafuna mfupa wake mpaka akaridhika. Mvuvi unamwambia ziwa ni maji tu! "Na hiyo mji yako," akauliza, "inakunywaga nini?"

Tulicheka sote mpaka Lornah akaweka sufuria chini. Joram naye alicheka, lakini nilimwona anatazama miguu yake. Tangu siku hiyo hamu yake ikawa moja, naye hakunificha. Alitaka kuuvaa Mkanda wa Afrika Mashariki mbele ya baba yake, waziwazi, bila kulazimika kuuita mdogo.

Mwaka wa themanini na sita nafasi ikaja. Aliyekuwa na mkanda huo alikuwa Waliaula, mwamba wa Busia, mtu aliyeuheshimisha kwa miaka mingi mpaka magoti yakaanza kulia. Walubengo akamfuata Joram barazani kwangu, akakalia kiti changu cha wateja bila kukaribishwa.

"Joram, Waliaula amechoka. Mwezi ujao analala, wewe unasimama. Nimeshaongea na yeye."

Uso wa Joram uliwaka furaha, nawaapia. Kisha furaha ikamtoka. "Siwezi, Bwana Walubengo. Gordon kwanza."

"Gordon? Wacha mchezo! Watu watalala kwa viti!"

"Gordon kwanza. Akishavaa, mimi nafuata. Mkubwa akishapita, mdogo hakatazwi."

"Hata kwetu Bungoma hayo mambo iko," Walubengo akasema, akipangusa jasho. "Lakini hii ni biashara, bwana, si matanga."

Walibishana mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho Walubengo alikubali, kwa sababu bila Joram hakuwa na ukumbi wa kujaza. Gordon angeuvaa miezi michache, kisha siku ya Jamhuri angelala na Joram angesimama. Ndugu kwa ndugu, mkanda mkubwa, tangazo hilo lingejiuza lenyewe.

Waliaula alilala kwa Gordon, lakini alilala kwa chuki. Hesabu ilipofika tatu aliinuka pale pale, hana hata vumbi, akatema mate nje ya kamba na kwenda zake bila kumpa mwenzake mkono. Hakukataa kushindwa, alikataa kushindwa na mtu wa Mkanda wa Mji. Watu wakanung'unika. Kesho yake sokoni nikasikia mama mmoja akisema ule mkanda sasa hata yeye anaweza kufungia kikapu. Na ndivyo heshima ya mkanda ilivyo, inajengwa na wengi kwa miaka na kumwagwa alasiri moja. Gordon aliyasikia maneno hayo. Alikuwa mpole, lakini tangu hapo alianza kuutembeza mkanda ndani ya mfuko wa shuka kila alikokwenda, na mtu akimuuliza, anautoa. Wa Mji hakuwahi kuutembeza.

Joram ndiye aliyehangaika kuuinua tena. Alilala kwa kaka yake katika mapambano madogo ya bila mkanda, akiruka na kuanguka kwa ustadi mkubwa hata Gordon akaonekana simba. Tulimkanda mgongo kwa mafuta ya moto mimi na Lornah. "Nikimfanya mkubwa," akasema amelala kifudifudi, "siku nikishika huo mkanda utakuwa mkubwa kweli." Alisema hivyo akitabasamu.

Kuelekea Jamhuri alikwenda Asembo mwenyewe kumwalika baba yake. Mzee Opondo hakuwahi kukanyaga ukumbini. Habari za mieleka alizipata kwa kusimuliwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mambo hupangwa. Joram alirudi amechangamka. Baba atakuja! Akanitaka nimshonee joho la buluu lenye utepe mweupe, na nikamshonea kama ninavyomshonea bwana harusi.

Gordon naye alikuja kupimwa. Sikumwogopa, nikamuuliza waziwazi: "Utalala?"

"Nitalala, Salme. Mungu anajua huo mkanda ni wa Joram." Na macho yake hayakucheza. Mimi naamini mpaka leo kwamba siku ile alisema kweli.

Siku ya Jamhuri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mzee Opondo aliwekwa kiti cha mbele, koti jeusi, kofia, fimbo katikati ya magoti. Mimi nilikuwa kona ya ulingo na sindano na uzi, mahali pangu pa siku zote, maana nguo za kubana hazina adabu, hupasuka katikati ya vita.

Wale ndugu walipigana uzuri ambao sijauona tena. Gordon, sijui alipata wapi, alikuwa mwepesi. Joram alimzunguka, akamkwepa, akaingia chini yake na kumwinua mwili mzima juu ya mabega, ukumbi ukapiga kelele za kutoboa mabati. Akamshusha chali. Akamlalia. Refa akapiga mbao: moja, mbili. Gordon akanyanyua bega, hesabu ikakatika.

Tukadhani wamekubaliana kunogesha. Joram akamwinua tena, akamshusha tena. Moja, mbili. Bega likanyanyuka. Nilimtazama Walubengo pale mlangoni, nikaona ameshika kichwa.

Mara ya tatu Joram alimbana karibu kabisa na kona yangu, kifua juu ya kifua. Nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, "Owadwa, lala." Owadwa ni ndugu yangu.

Gordon alikuwa analia. Machozi yalimtiririka kuingia masikioni. "Baba ananiangalia," akasema.

Ni hayo tu aliyosema. Joram alikuwa na nguvu za kuwashika akina Gordon wawili pale chini mpaka refa ahesabu hata mia. Aliinua kichwa akamtazama baba yao. Mzee alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, mdomo ameufunga. Sijui Joram alisoma nini katika uso ule. Nilichokiona mimi ni mikono yake ikilegea. Akajiachia ageuzwe, kaka yake akamlalia, refa aliyechanganyikiwa akahesabu tatu, na watu wakapiga makofi machache wakitazamana.

Mzee Opondo aliondoka bila kupita chumba cha nyuma. Joram alikaa kwenye benchi na lile joho la buluu hajalivua.

"Amekasirika," akasema. "Ameona nikimkalia kaka yangu kifuani. Nimekosea, Salme. Singefaa kumwita."

"Wewe ndiye uliyekosewa!" nikamfokea. "Gordon aliahidi!"

"Wewe hujui kwetu."

Kweli sikujua. Lakini hasira yangu ilijua, na nilimpita Gordon mlangoni bila kumsalimu. Naye hakuinua macho.

Walubengo alitaka warudie mwezi uliofuata, bila mzee. Joram akakataa kata kata. Alisema baba yake ameshaonyesha kinyongo, na mtoto aliyeonywa mara moja hangoji mara ya pili. Ndugu hao waliendelea kusalimiana, kula pamoja, kubebana kwenye magonjwa, lakini jambo lile hawakulitaja hata siku moja. Nafikiri kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Na mkanda? Ulikufa. Waliaula alihama kikundi akisema hapiganii tena mali ya ukoo wa watu. Wa Mwanza hawakurudi. Gordon akabaki bingwa wa Afrika Mashariki asiye na mtu wa kupigana naye, na watu wa Kisumu, wasiojua kusoma wala kuandika mambo ya mieleka lakini macho wanayo, wakaanza kusema Mkanda wa Ziwa ndio mkubwa kwa sababu Joram ndiye aliyeuvaa. Walubengo akaona hatari hiyo, akaleta mpya: Mkanda wa Dunia! Rangi ya dhahabu, vioo vyekundu, upana wa sinia la pilau. Ukumbi mzima ulicheka. Nani alikuwa amelala kwa ajili yake? Hata mmoja. Mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma akiuliza kama dunia yenyewe inaanzia mtaa wa Nyalenda au wa Manyatta.

Kisha video zikaja Kondele, Wazungu wakawa wanarushana kuanzia asubuhi, na sisi tukawa mambo ya kale. Walubengo aliuza mbao za ulingo kwa mtu wa kuku akarudi Bungoma. Gordon akapata kazi ya kulinda ghala. Joram alirudi kubeba magunia gatini, na meli zilipopungua akaenda Ahero kuvuna mpunga wa watu, mwanamume ambaye akina mama walimwachia samaki wao waoze.

Hilo hakulilalamikia. Lililomla lilikuwa baba yake. Tangu ile siku ya Jamhuri Mzee Opondo hakuwahi tena kufikia kwake. Akija mjini alilala kwa Gordon, na kwa Joram alipita mlangoni tu, akauliza watoto wazima, akaenda. Joram akirudi Asembo mzee alimsalimu kwa ncha za vidole. Ule utani wa mezani ulikwisha. Mwaka mmoja Joram alimpelekea beberu kuomba radhi. Mzee alimpokea beberu, akamfunga mtini, akasema hana neno na mtu. Joram alirudi kwangu akanisimulia, na mwanamume yule mwenye shingo nene alilia mbele yangu bila kujificha, akipangusa uso kwa kitambaa cha mteja.

"Nilipanda juu ya mkubwa wangu mbele yake," akasema. "Hawezi kusahau."

"Lakini ulimwachia!"

"Nilichelewa kumwachia."

Miaka minane aliishi hivyo. Alikonda, na Lornah akaanza kunong'ona habari za chira. Mimi nilimwambia chira yenyewe ni huyo mzee na moyo wake wa jiwe. Nilimchukia Mzee Opondo, nalisema wazi, na nilipoambiwa amefariki, mwaka wa tisini na nne, nilichofikiria kwanza ni kwamba sasa Joram atapumua.

Nilikwenda Asembo mazikoni, na nikabaki mpaka siku ya kutawanyika kwa sababu Lornah aliniomba nimsaidie vyombo. Siku hiyo watoto wa marehemu huliacha boma la baba yao mmoja mmoja kwa zamu ya kuzaliwa, kila mtu na familia yake, kwenda kuanza maisha bila baba. Mkubwa hajatoka, hakuna anayetoka. Asubuhi watu walikuwa wameshafunga mizigo, magodoro yamekunjwa, watoto wamevishwa viatu. Gordon alikaa kwenye kigogo karibu na kaburi akinywa chai ya mwisho. Joram alisimama nyuma yake na begi begani, akingoja. Mama yao, Nabwire, mama wa Kisamia aliyeolewa huku, alikuwa kwenye mkeka mlangoni mwa nyumba, kichwa amenyolewa.

Nikaenda kumuaga. Nilipomwinamia nikamwona Joram kwa pembeni, amekonda hivyo, suti imemlegea, na mdomo wangu haukungoja ruhusa.

"Mama," nikasema, "samahani, mimi ni mgeni. Lakini huyu mtoto alimkosea nini baba yake, mpaka mzee anaingia kaburini hajamsamehe?"

Mama akaniangalia kwa mshangao. "Kumkosea? Nani alisema alimkosea?"

"Ile siku ya Jamhuri. Alimpanda Gordon."

"Aaa, hapana, mwanangu." Akatikisa kichwa, na kwa kuwa ni mama aliyezoea kusema mbele ya watu wengi, sauti yake ilikuwa kubwa. "Mzee alirudi kutoka Kisumu akakataa chakula. Nikamuuliza, kuna nini? Akaniambia, 'Nabwire, Gordon alishavaa. Zamu ilikuwa ya Joram. Mimi nilienda kumwona Joram akivaa.' Hata kuku alikuwa ameniambia nifunge, wa kumchinjia akikuja. Akasema, 'Niliona na macho yangu, alikuwa amemshika kabisa. Halafu akaangalia mimi, akaachilia. Huyu mtoto ako na nguvu lakini hana roho. Nimezaa mwoga.' Hiyo ndiyo ilimuuma. Hakutaka kukuambia, Joram, asikuaibishe. Lakini ilimuuma mpaka juzi."

Mtoto wa mtu alikuwa akiburuta kopo, mama yake akamnyang'anya. Nilitamani ardhi inimeze, si kwa kuuliza, ila kwa jibu.

Joram hakusogea. "Alisema mwoga?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Mpaka mwisho?"

Mama akaanza kulia, na hapo nadhani alielewa kwamba kulikuwa na jambo asilolijua.

Kikombe cha Gordon kilianguka. Alishuka kutoka kwenye kigogo akapiga magoti kwenye udongo mbichi wa kaburi, suti yake ya pekee, akaweka viganja vyote viwili juu ya tuta. Alikuwa akisema Kijaluo kwa haraka, akirudia rudia, na Lornah akanitafsiria. Baba, hakuniachilia kwa woga. Ni mimi. Niliogopa unione nimelala. Baba, ni mimi mwoga. Baba, sikia. Aliyasema mara nyingi kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya maji, na watu wazima wakageuza nyuso zao, kwa maana miaka minane mzee alikuwa hai, ana masikio, na anaishi mwendo wa basi moja tu.

Alipochoka alisimama, udongo magotini, akamgeukia mdogo wake. "Joram, leo tangulia wewe," akasema. "Mbele ya watu wote hawa. Chukua Lornah, mtoke, mimi nitafuata."

Minong'ono ilipita kati ya wazee, lakini hakuna aliyemkataza. Mimi moyoni nilikuwa nikimwambia Joram, nenda! Nenda, ndugu yangu, japo mara hii moja! Alitazama lango la boma, miti miwili iliyochomekwa na njia nyekundu inayoshuka kuelekea ziwani. Akalitazama muda mrefu. Kisha akainama, akampangusa kaka yake udongo magotini kwa mkono, goti moja, halafu la pili.

"Toka, owadwa," akasema. "Watu wanangoja."

Gordon akamwita mkewe, wakatoka. Joram alisimama pale pale mpaka walipopita lango, ndipo akachukua godoro lake akafuata.